Nyumba Iliyoitwa Wulfstan

Bahati alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa naosha mchele. Namba yangu aliipata kwa Solange, sijui naye aliipata wapi, na Solange nilikuwa sijamsikia kwa miaka karibu ishirini, kwa hiyo aliponitajia tu nani kampa namba nilijua ni msiba. "Dada Habiba, miye ni Bahati," alisema. "Mama amekufa. Tumemuzika juzi, huku Bukavu. Alikuwa anasema siku akienda, nikutafute." Nilifunga bomba, nikakaa kwenye kiti cha jikoni na mikono yangu inachuruzika maji. Nilisema innalillahi, nikasema pole, nikasema yale yote ambayo mtu husema. Nililopaswa kumwambia sikulisema. Nilimwomba anipe siku mbili, nitampigia mimi, na siku hizo mbili ndizo nilizoandikia haya. Mwaka wa 2004 nilimponza mama yake. Sikumponza kwa chuki, wala kwa umbea, wala kwa kijicho. Nilimponza kwa adabu.

Nilifikaje Birmingham kutoka Nairobi kwa kupitia Uholanzi ni habari ndefu isiyo na maajabu. Nusu ya Wasomali niliokutana nao mjini humu wameipita njia hiyo hiyo, na kila mmoja anadhani yake ndiyo ya pekee. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepanga chumba Acocks Green juu ya duka la mazulia, na kila asubuhi nilipanda basi namba 11, lile linalouzunguka mji bila kuingia katikati, hadi Erdington kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nyumba iliitwa Wulfstan. Ilikuwa ya matofali mekundu, ghorofa tatu, na ukifungua mlango harufu ilikupokea kabla ya mtu: kabichi iliyochemshwa mpaka ikakata tamaa, dawa ya kusafishia, na mkojo ambao dawa hiyo haikuuweza. Juu ya mlango palikuwa na kioo cha rangi chenye picha ya askofu mwenye fimbo, na mezani chini yake vijitabu vya kuwapa wageni, vilivyosema kwamba hapa tunafuata moyo wa Mtakatifu Wulfstan, aliyewaosha maskini miguu kwa mikono yake mwenyewe. Mwenye nyumba, bwana mmoja aitwaye Gordon, hakuwa mtu wa kanisa hata kidogo. Nyumba aliinunua kwa watawa waliokuwa wamezeeka, akalikuta jina, akaliacha. Aliniambia siku ya kwanza, akicheka, kwamba jina la mtakatifu huwatuliza watoto wanapokuja kuwaacha wazazi wao. Sikuona ubaya wowote. Eastleigh ya Nairobi nilikokulia, bucha na gereji zilikuwa na majina ya mawalii, na nyama ilikuwa ngumu vile vile.

Mama Bahati nilikutana naye wiki hiyo hiyo, kwenye chumba cha kufulia. Mashine ya kufua ilikuwa imegoma na mashuka kumi na mawili ndani, nami nikawa naitukana kwa Kiswahili, kwa sauti, nikijua hakuna atakayenielewa. Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya rundo la taulo: "Nani anatukana vizuri hivi?" Akasimama. Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mrefu, mwenye mwanya, amefunga kitenge juu ya sare ya kazi ingawa Gordon alikuwa amekataza. "Weye uko mutoto ya wapi?" aliniuliza. Nikamwambia Nairobi, nikamwamkia shikamoo, naye akacheka mpaka akashika ukuta. "Shikamoo ni ya Tanzania, miye sijui kuipokea. Miye niko Mama Bahati, wa Bukavu." Na hilo ndilo jina nililopewa, nikatosheka nalo. Msomaji asiyekulia kwetu atashangaa, lakini anayejua anajua: mwanamke aliyezaa huitwa kwa mwanawe, na kumuuliza mama mzima jina lake la kuzaliwa ni kama kumvuta mtandio barabarani. Mama yangu mzazi nililijua jina lake nikiwa na miaka tisa, tena kwa kuliona kwenye kadi ya kliniki.

Tulikula pamoja kila mchana katika kichumba kilichokuwa chini ya ngazi, palipowekwa magongo na viti vya magurudumu vilivyovunjika. Yeye alileta bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, ndani ya kopo la siagi, mimi chapati na chai ya tangawizi kwenye chupa. Sombe alinipikia bila nyama, ili nisiwe na wasiwasi wa halali, na kila siku alinikumbusha kwamba ananikosesha utamu kwa ajili ya dini yangu. Alinisimulia habari za Bahati, binti yake wa miaka tisa aliyebaki kwa bibi yake: anavyoogopa kuku, anavyoandika kwa mkono wa kushoto, anavyokataa kusukwa. Kesi yake ya ukimbizi ilikuwa bado haijaamuliwa. Akipewa karatasi, ataomba mtoto aletwe, akinyimwa, hajui. Hilo ndilo alilokuwa analingoja katika maisha yake yote, na mengine aliyapitisha kama mtu apitishaye wageni asiowajua. Sikumuuliza anafanyaje kazi ilhali kesi haijaisha. Wakati ule sikujua hata kwamba ni swali.

Chumba namba sita kilikuwa cha mzee Alfred, ambaye sisi tulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha historia miaka mingi. Miguu ilikuwa imemkatalia, hawezi hata kujigeuza kitandani, lakini kichwa chake kilikuwa kizima kuliko vyetu. Mama Bahati ndiye aliyemhudumia, nami nilitafsiri, maana Mwalimu alipenda kuongea na Mama Bahati hakuwa na Kiingereza cha kutosha. Jumapili moja niliingia nimeziba pua kwa mtandio kwa sababu ya nguruwe aliyekuwa akiokwa jikoni, na Mwalimu akaniambia kwamba mwenye jina la nyumba hii angenielewa. Siku moja, alisema, Wulfstan alikuwa anasali na huku bata bukini anaokwa karibu, harufu ikamtoa kwenye sala, mate yakamjaa. Akaona aibu, akaapa hatakula nyama tena mpaka kufa, na hakula. Alikuwa mtu wa huku huku, kaunti ya jirani, karibu miaka elfu moja iliyopita, askofu wa Worcester. Wafaransa walipoiteka nchi walitaka kumvua uaskofu wakisema ni mshamba asiyejua Kifaransa. Nilipomtafsiria Mama Bahati alikunja uso. "Muambie miye nakijua Kifaransa," alisema huku akimkausha Mwalimu miguu, "na hakijanisaidia kitu." Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, na sisi tukamwinua mgongo.

Sasa nije kwenye lile lenyewe. Ilikuwa mwezi wa Machi, mchana, jikoni. Nilikuwa namimina chai, Gordon akaingia kutafuta biskuti. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa mpole, anatania, anakumbuka siku za kuzaliwa za wazee. Mimi alikuwa ameshanikata jina kuwa Abi, na nilikuwa nimeshazoea kuitika. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, mbona yule mwenzangu ninamwita Bahati na faili lake linasema Solange. Mungu anisamehe, nilifurahi kuulizwa. Miezi mitatu nilikuwa katika nyumba ile na hakuna aliyewahi kuniuliza chochote kuhusu sisi. Nikaweka birika chini nikamfundisha. Nikamwambia kwetu mtu mzima haitwi jina lake, ni kumkosea heshima. Mwanamke anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. "Kwa hiyo ana mtoto," alisema Gordon. Nikamwambia ndiyo, binti, wa miaka tisa, yuko kwao, anaandika kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia mpaka hilo la mkono. Akanishukuru, akasema ni desturi nzuri sana, akachukua biskuti mbili akatoka.

Kesho yake nilikuwa kwenye ukumbi wa juu nikisukuma kikapu cha nguo chafu. Mama Bahati alikuwa mbele yangu, amebeba beseni. Gordon alitokea kwenye ngazi nyuma yetu, akaita kwa ulimi wake mzito, polepole, kama anayeonja: "Mama Bahati." Naye akageuka. Aligeuka na uso wote umefunguka, mwanya nje, kwa sababu tangu afike nchi hii hakuna mzungu aliyewahi kumpa heshima hiyo. "Ndiyo, boss," alisema. Gordon akamtazama kitambo, akatabasamu naye, akamwambia aje ofisini. Mimi nilisimama pale nikijiona nimefanya jambo jema. Nilidhani mtu amejifunza kitu.

Aliponirudia kichumbani chini ya ngazi hakufungua kopo lake. Aliniambia kwa sauti ndogo, bila kuniangalia. Solange alikuwa mwanamke wa kanisani kwao, Shard End, mwenye karatasi zote, ambaye alimwazima jina na namba yake ya ajira ili apate kazi. Solange hajaolewa, hajazaa. Faili la Solange halina mtoto. Gordon hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba sasa anajua, na kwamba mtu wa kesi ya ukimbizi akikamatwa anafanya kazi kwa jina la mwingine, kesi hiyo haina maisha. Kisha akamwambia kuna chumba kitupu kule juu chini ya paa, ahamie, maana atamhitaji zaidi. Nilianza kulia. Nikamwambia ni mimi, nikamweleza yote, mpaka la mkono wa kushoto. Aliniacha niseme mpaka nikaisha. "Ulinipa heshima yangu," alisema. "Hauna kosa. Lakini tangu leo usiniite vile. Niite Solange." Nikamwambia siwezi. "Utaweza," alisema, akaniwekea mkono kwenye goti. Heshima si utumwa, walisema wahenga, na mimi nimekaa na methali hiyo miaka mingi nikitafuta kama walimaanisha pande zote mbili.

Basi tukaishi hivyo. Mimi nikamwita Solange, na jina lake la heshima likabaki kwa Gordon peke yake. Alilitumia kila alipotaka kitu. Mtu akiumwa na hayupo wa kuchukua zamu: "Mama Bahati atafanya." Mzee akijisaidia kitandani wakati wa chakula, sikukuu, Jumapili ya kanisa: "Mama Bahati hana neno." Hakuwahi kupaza sauti, hakuwahi kumtukana, na aliyepita ukumbini angedhani ni mwajiri mwenye mapenzi. Mwanzoni mabega ya Mama Bahati yalishtuka kila alipoitwa; kufikia Juni hayakushtuka tena, na hilo lilinitisha zaidi. Siku moja nilikuwa nakunja mashuka, mlango wa ofisi uko wazi, nikamsikia Gordon kwenye simu akimwambia mwenye nyumba mwingine kama yake kwamba shida ya wafanyakazi ni kuondoka. "Mimi ninaye mmoja hapa hawezi kwenda popote," alisema, akacheka kidogo. Niliendelea kukunja. Ningeweza kwenda kumshtaki mahali, lakini kumshtaki yeye ni kumtaja Mama Bahati, na hilo alilijua kabla yetu.

Wakati huo huo Mwalimu alianza kudhoofika, na kadiri mwili ulivyopungua ndivyo alivyozidi kusimulia. Ni yeye aliyeniambia la Bristol. Zamani zile, alisema, wafanyabiashara wa Bristol walinunua watu kutoka pande zote za Uingereza, vijana wa kike na wa kiume, wakawafunga kamba kwa mistari wakawavusha kuwauza Ireland. Mfalme alikuwa hawawezi. Wulfstan akaenda, akakaa nao miezi miwili, miezi mitatu, kila Jumapili anawahubiria, akirudi nyumbani anakwenda tena, mpaka wakaacha. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba Waingereza nao waliuzwa. Nilimuuliza waliokwisha kuvushwa kabla ya askofu kufika, walirudi? Mwalimu alinitazama kwa macho yake ya maji. "Hakuna aliyeandika majina yao," alisema. "Tuna jina la askofu tu." Halafu akaanza kuyahesabu, kwa kebehi aliyokuwa nayo, yale ambayo jina hilo limefanyishwa tangu hapo: mfalme mmoja mwovu aliomba azikwe karibu naye ili aponee kwa jirani, makanisa, shule, barabara, na sasa nyumba ya kufia wazee. Mama Bahati alikuwa miguuni pake na beseni, kama kawaida, anapitisha kitambaa katikati ya vidole. Aliniuliza Mwalimu anasema nini. Nilimwambia ni habari za kanisa. Hilo nalo sijui kwa nini nilimdanganya.

Mwalimu alikufa mwezi wa Novemba. Mtu asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo unaoza angali hai, na wiki ambazo Gordon alituhamishia Mama Bahati na mimi ghorofa ya chini, kwa kuwa huko pia watu hawakutosha, Mwalimu hakugeuzwa na mtu. Tuliporudi kwake vidonda vilikuwa vimefika mfupani. Mama Bahati alivisafisha kwa siku tisa, akimwimbia wimbo wa kanisa wa kwao, na siku ya kumi hapakuwa na wa kusafishwa. Binti yake Mwalimu alikuja kutoka Wales, akauona mwili, akasema atataka kuona karatasi. Karatasi ile ilining'inia kitandani kwa kila mgonjwa: saa, upande aliogeuziwa, sahihi ya aliyemgeuza. Ya Mwalimu ilikuwa na wiki mbili nyeupe.

Gordon alituita ofisini wote wawili, na karatasi mezani, na kalamu juu yake. Alitaka tuzijaze zile wiki mbili nyeupe. Mama Bahati aliisoma karatasi, akaisukuma kwa kidole kimoja ikarudi upande wa Gordon. Aliongea Kiingereza chake cha kuokoteza, hakutaka nimtafsirie. "Hapana. Siku hizi za karatasi, mimi huku chini. Na jina hili si la kwangu. Solange ana maisha yake. Sitaweka Solange kwa mwili ya mutu." Gordon hakugombana. Alisema, "Fikiria vizuri, Mama Bahati," na yeye akajibu kwamba ameshafikiria. Kisha Gordon akanigeuzia mimi kalamu. Nilikuwa na kibali cha miaka, nilikuwa na chumba Acocks Green, sikuwa na la kuogopa ila kukosa kazi. Nikatia sahihi. Nilitia sahihi mara nyingi, kwa jina langu kamili, lile ambalo hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kulitumia, na Mama Bahati alikaa pembeni yangu akingoja nimalize. Tulipotoka alinifungia vizuri mtandio uliokuwa umelegea. Hakunisema hata neno. Ningependa angenisema.

Siku ya tatu, Alhamisi, watu wa uhamiaji walikuja wakati wa kifungua kinywa. Walikuwa wanne, na walikwenda moja kwa moja kwenye meza ya dirishani alipokuwa akimlisha bibi mmoja uji. Gordon alisimama mlangoni, mkono kifuani, akisema kwamba amedanganywa, kwamba yeye alimwajiri Solange kwa nia njema. Hilo ndilo jina alilomwita siku hiyo. Afisa mmoja, msichana wa umri wangu, alinivuta pembeni akaniuliza kama namjua mwanamke yule na anaitwa nani. Nikasema, "Mama Bahati." Akangoja na kalamu yake. "Hilo si jina," alisema. Walimtoa bila pingu, nashukuru kwa hilo. Akipita karibu yangu alisema tu, "Mulishe yule bibi, uji unapoa." Nikaenda nikamlisha bibi uji.

Ijumaa niliomba ruhusa nikaenda kwa wakili wa ofisi ya ushauri, mwanamke mwenye haraka na miwani kichwani. Aliniambia watu kama hawa hupelekwa uwanja wa ndege ndani ya siku chache, lakini kama kesi yake bado iko mezani kuna njia ya kuisimamisha safari. Anaweza kutuma faksi siku hiyo hiyo. Anachohitaji ni jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa. Nilijua sombe yake inavyotiwa vitunguu. Nilijua mwanawe anaogopa kuku. Nilijua anakoroma, maana alikuwa akisinzia kwenye kiti cha magurudumu kilichovunjika baada ya kula. Wakili alisema, "Andika tu hapa," akanisogezea karatasi, na karatasi ikabaki vile vile.

Nilipiga simu kwenye vizuizi vya uhamiaji, kimoja baada ya kingine. Nilijaribu Solange, wakasema hayupo. Nilijaribu Bahati kama jina la ukoo, wakasema hayupo. Solange mwenyewe alikuwa amezima simu na kuhama siku ile ile aliposikia, na simlaumu. Jumapili nilikwenda Shard End, kwenye ukumbi ambao Wakongomani walikodi kwa ibada, mimi na mtandio wangu, nikakaa mstari wa nyuma mpaka sala ikaisha. Wote walikuwa wameshasikia. Wanawake walinikumbatia wakilia. Nikawauliza jina lake ni nani. "Mama Bahati," alisema wa kwanza. Nikasema lake mwenyewe, la kuzaliwa. Mmoja alisema labda Nabintu. Mwingine akasema hapana, Nabintu ni yule aliyekwenda Leeds. Kwetu, alisema, kila mtoto anapewa jina lake, si la baba, hata ukijua ukoo haujui mutu. Mchungaji aliweka mkono begani mwangu. "Tunamuombea kwa jina ya Mama Bahati," alisema, "na Mungu anamujua." Nilimjibu kwamba Mungu anamjua lakini faksi haimjui. Nilimjibu vibaya, mbele ya watu wake, na alikuwa mtu mwema. Jumatatu wakili aliniambia kuna ndege ya Kinshasa iliyoondoka, na kwamba hawezi kujua kama alikuwamo.

Niliacha kazi mwezi huo. Karatasi niliyoitia sahihi ilifanya kazi yake, binti wa Mwalimu akarudi Wales, na Gordon, nijuavyo, hakuulizwa tena. Nyumba yenyewe aliiuza baadaye. Sasa ni fleti, na nikipita na basi naona wameandika Wulfstan upya kwa herufi za dhahabu. Mimi nikawa mkalimani. Nimekaa na mamia ya watu mbele ya mawakili na madaktari, Wakongomani, Wasomali wa Kenya, Waswahili wa kila pembe, na kabla ya salamu kuisha namuuliza mtu jina lake mwenyewe, hata akiwa bibi wa miaka themanini. Wanawake wa rika langu wanasema sina adabu. Wanasema Uzungu umeniharibu. Nawaacha waseme, maana adabu yangu nilishaiona ilivyofanya kazi.

Jana nilimpigia Bahati kama nilivyoahidi. Kwanza yeye alinieleza ya kwake: mama yake alishikwa Kinshasa wiki kadhaa, akaachiliwa, akafika Bukavu baada ya miezi minne, mwembamba, akafungua kibanda cha kushona. Ya Uingereza hakuyasimulia kamwe, isipokuwa kwamba alikuwa na msichana pale aliyekula naye. Kisha nikamwambia yangu. Nilimwambia la jikoni na la biskuti, la kalamu, la wakili, la Shard End. Nilisema mpaka la mkono wa kushoto.

"Dada Habiba," alisema, "hiyo jina uliiuliza kwa nani?"

"Kwa kila mtu."

"Na kwa mama mwenyewe?"

Nilisema hapana.

"Mwaka muzima mulikula pamoja?"

"Mwaka mzima," nilisema.

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Nilimwomba jina. Alinipa yote matatu, akanitajia herufi moja moja kama mtu anayemwandikisha mtoto shule, nami nikaandika, nikamsomea, akanirekebisha mahali pamoja, nikasoma tena mpaka akasema ndiyo, njo vile. Ni jina zuri. Nimelitamka peke yangu jikoni asubuhi hii, kwa sauti, mara kadhaa, mpaka ulimi ukalizoea. Hapa sitaliandika.